Vivuli kwenye Boneti ya Mzee Badru

Mwanangu Sesilia,

Jua la Toronto lingekuwa na adabu, lingenipigia hodi kila asubuhi kabla ya kuchomoza, maana bila mimi lisingekuwa na mahali pa kujitazama. Nusu ya magari yanayong'aa kati ya Agincourt na Mississauga yamepita chini ya mikono hii, na wenye ile nusu nyingine wanajuta. Wakubwa wa mji huu wakitaka kupita barabarani waonekane watu, huulizana kwanza kama Filbert yupo kazini. Haya yote unayajua, umeyasikia mpaka umeyachoka, lakini mtu mkubwa akiandika barua sharti aanze na ukubwa wake, ili anayesoma akae vizuri kwenye kiti.

Basi kaa vizuri, na usome polepole. Najua Kiswahili cha kuandikwa kinakupa tabu, na mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la sita. Si kwamba nilifeli. Mwalimu mwenyewe alikiri mbele ya darasa kwamba hana tena cha kunifundisha, akaniomba niende nyumbani.

Sasa hivi uko kanisani, kwaya inakuaga. Wale mama wa Kikongo nawajua, watakuimbisha mpaka sauti ikauke, kisha watakulisha mpaka ushindwe kuvuta pumzi. Mimi niko mezani jikoni. Begi lako liko mlangoni, nalitazama, nalo linanitazama. Kesho unapanda ndege kwenda Winnipeg, na sitakuandikia habari za koti, wala za kula, wala za kufunga mlango, wala za wavulana. Mama yako atayasema hayo yote kwa simu kutoka Kigoma, na akimaliza atayaanza upya. Dada yangu huyo namjua tangu tunagombania kitanda.

Mimi nina jambo moja tu, nalo ni boneti ya Mzee Badru. Nafasi yako ya Winnipeg ilikuwa imening'inia kwenye boneti ile, na aliyeitundika pale ni mimi. Wewe unadhani unaondoka na nafasi mkononi. Tangu Jumanne jioni hukuwa nayo. Nisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Tangu hiyo Jumanne unanijibu kwa Kiingereza. Nakuuliza umekula, unasema “I'm good.” Nakuuliza begi limefungika, unasema “Yeah, it's fine.” Watoto wengi waliokulia hapa huwajibu wazazi wao hivyo, na wazazi wamezoea, wanauliza kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine kama redio iliyoingiliana. Lakini wewe hujawahi. Ulipofika hapa, mtoto mwembamba mwenye sweta la kuazima, nilikupa sharti moja: nje ongea utakavyo, humu ndani tunaongea lugha ya mama yako. Ukalishika miaka yote. Kwa hiyo ile “It's fine” yako nimeielewa. Ungenitukana kwa Kiha nisingeumia hivyo.

Nitaeleza mambo kama vile humjui mtu yeyote, maana barua hukaa, na siku moja wanao wataisoma waulize huyu na huyu ni nani.

Mzee Badru ni Mwismaili, amezaliwa Kariakoo, akaja Kanada kijana, akafanya biashara mpaka akajenga nyumba Unionville yenye gereji kubwa kuliko kanisa letu. Kiswahili chake ni cha Dar ya zamani, bado anasema “bwana mkubwa” na hacheki. Ana gari moja jeusi analolipenda, la siku nyingi, na hakuna mwingine mji mzima anayeruhusiwa kuligusa ila mimi. Mwaka jana alikukuta gerejini kwangu ukifuta mlango wa gari hilo, akasimama akakutazama muda, akasema, “Huyu binti ana mkono mwepesi.” Ndiye aliyempigia simu Altaf, mtoto wa kaka yake, mwenye karakana ya kupaka rangi ndege ndogo kule Winnipeg. Akamwambia, mchukue umfundishe, mimi nasimama nyuma yake. Nafasi yako haikutoka kwenye cheti. Ilitoka kwenye neno la mzee mmoja.

Jumamosi akaleta gari. Mjukuu wake anaolewa Jumamosi hii inayokuja, na bibi harusi atapanda humo. Nilichukua ile mashine kubwa, inayozunguka kama pangaboi lenye hasira, nikafunga pedi ya manyoya, nikaisukuma kwa mwendo wa juu kabisa. Wewe ulikuwa unabandua karatasi kwenye vioo. Nilipozima, ukainama ukaitazama boneti kwa ubavu. Ukasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenziwe kwamba zipu iko wazi:

“Mjomba, kuna vivuli.”

Wanao hawatajua vivuli ni nini, kwa hiyo naandika. Gari lina rangi, na juu ya rangi lina ngozi ya mng'aro, nyembamba kuliko kucha, haina rangi yoyote, kazi yake kulinda na kung'aa. Mashine kubwa ikipita kwa haraka na kwa pedi kali kama ile ya manyoya huikwaruza ngozi ile mikwaruzo midogo kama unywele wa mtoto, inayofuata njia ya mashine, ikizunguka na kujikunja. Chini ya taa za gerejini huioni. Litoe gari juani, utaona kama moshi umelala ndani ya rangi, na wewe ukitembea nao unatembea. Hivyo ndivyo vivuli. Mtu anaweza kung'arisha gari siku nzima akawa amelichafua.

Nikakwambia hakuna vivuli. Ukasema tulitoe nje kidogo, jua lipo. Nikakwambia jua halinifundishi kazi. Ukaomba upitishe sponji laini, polepole, upande mmoja tu. Na mimi nikasema, “Mashine yangu haishikwi na mtu anayeondoka.”

Neno hilo nilikuwa nalo tangu siku ulipopata nafasi. Nilikuwa nimeshapanga kuandika mlangoni “Filbert na Mpwa,” hata fundi wa vibao nilimwona. Sikukuambia. Nilikuwa nasubiri uniambie Winnipeg kuna baridi mno.

Kisha nikachukua chupa ya mafuta ya kung'arishia, nikaipaka boneti yote, ikawaka kama kioo cha kinyozi. Kama hakuna vivuli, mafuta ya nini? Hukuuliza. Ulikunja karatasi zako ukaenda kunawa.

Mafuta yale nina historia nayo. Nilipokuwa kijana mtaani Gerezani, Dar es Salaam, nikijifunza kazi hii, nilimwacha mwalimu wangu mbali ndani ya muda mfupi. Nimewahi kupiga polishi gari la balozi mpaka jogoo wa jirani alipojiona mlangoni akadhani ni mwenziwe, akapigana naye tangu asubuhi mpaka jioni, na balozi akamlipa mwenye jogoo fidia. Hilo ni kweli, au karibu na kweli, jogoo alikuwepo. Lakini kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwalimu wangu alikuwa na kopo la mafuta aliloliita mafuta ya kuvukia barabara. Kazi ikiharibika, vivuli vimejaa, unapaka hayo, vinajaa mafuta, vinazimika. Mteja anatabasamu, anaondoka. “Yanatosha mpaka avuke barabara,” mwalimu alisema, na sote tukacheka. Mvua ya kwanza ikinyesha, vivuli vinarudi, na mteja anamlaumu Mungu au vumbi. Nilicheka nao. Nikayabeba mafuta yale kichwani mpaka Kanada. Hapa yanauzwa kwenye chupa nzuri yenye picha ya gari la mashindano, nami nikajiona msomi.

Usidhani sikupata somo mapema. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kwa muuza magari mmoja, jina lake nimelisahau makusudi. Siku ya pili tu, niliegemeza mashine kwenye ukingo wa mlango, pale ngozi ilipo nyembamba zaidi, nikaona doa la kijivu linafunguka kama jicho. Nilikuwa nimepenya. Ngozi imekwisha, rangi imekwisha, chini bati. Ukipenya hakuna sponji wala maombi, gari linarudi kupakwa upya. Nilisimama pale nikalifunika doa kwa kiganja, kama vile likikaa joto litapona. Msimamizi alipita akaniuliza mbona nimeganda. Nikasema napima joto la mlango. Alinitoa kazini kabla ya chakula cha mchana. Nyumbani Kigoma niliandika kwamba nimeacha mwenyewe, kazi ilikuwa chini ya hadhi yangu. Mama yako mpaka leo anaisimulia hivyo.

Sasa Jumanne. Mzee Badru aliosha gari, mafuta yakaondoka, jua likatoka. Alikuja gerejini hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alilisimamisha nje mlangoni, jua likiwa juu yake, akaniita kwa kidole.

“Filbert, hii nini?”

Nikainama kama daktari.

“Bibi harusi atapiga picha hapa,” akasema. “Watu watadhani nimemkodishia gari la kubebea makaa.”

Ulikuwa umesimama nyuma yangu na ndoo. Nilikusikia ukiiweka chini. Na mimi, mjomba wako, niliyekaa na wewe usiku wa homa, niliyekufundisha kuvuka barabara za huku, nikafungua mdomo nikasema, “Hiyo sehemu alifanya mtoto, Mzee. Bado anajifunza.”

Hukusema kitu. Najua kwa nini. Kwetu mkubwa hasutwi mbele ya mgeni, na mjomba ndiye mama wa kiume. Mama yako alikufunza hivyo kabla hujaota meno, na mimi nikaongeza. Ungekuwa mtoto wa huku ungesema palepale, “No, that was him,” na nisingekuwa na la kujibu. Nilijua hutasema. Nilijificha ndani ya adabu yako, Sesi. Nilijua ni imara, nikaingia humo kama mwizi anayeingia msikitini kwa sababu anajua watu wamevua viatu.

Mzee alikutazama. Akasema, “Na mimi nimemwambia Altaf mkono wako mwepesi.” Akachukua funguo zake. Wewe ukaokota ndoo. Jioni nilipokuuliza kama utakula, nikapata ile “I'm good” ya kwanza.

Jana ilipita hivyohivyo. Leo asubuhi nilikuambia naenda kununua sabuni ya gereji. Sikwenda kununua sabuni. Nilifunga ile mashine ndogo kwenye begi la michezo, na sponji, na ndoo, na taulo, nikapanda basi mpaka Unionville. Dereva aliitazama ndoo, nami nikamtazama mpaka akafunga mlango.

Mzee Badru alifungua mwenyewe.

“Filbert. Huna simu?”

“Ninayo, Mzee. Maneno yenyewe hayapiti kwenye simu.”

Ningependa kukuandikia kwamba hapo nilitoa hotuba. Ndani ya basi nilikuwa nimeitunga, nzuri, ina methali ndani yake na mahali pa kunyamaza. Mlangoni yote yalitoroka. Nilisema, “Boneti niliiharibu mimi. Binti aliniambia kuna vivuli, nikamkatalia.”

“Jumanne ulisema ni yeye.”

“Nilisema uongo.”

“Mbele yake.”

“Mbele yake, Mzee.”

Ndani ya nyumba watu walikuwa wanahangaika na mapambo ya harusi, mtu anauliza uzi uko wapi. Kisha akasema, “Simu nimeshapiga, Filbert. Jumanne hiyohiyo. Altaf anatafuta mtu mwingine. Alikuwa ananingoja mimi nimwambie binti.”

Mwanangu, nilihisi kama ule mlango wa gari la zamani umefunguka tena chini ya kiganja changu, lile doa la kijivu, na safari hii doa lina jina lako.

Nikamwomba aniache niondoe vivuli. Akasema harusi ni keshokutwa, gari limeshapigwa polishi mara nyingi, ngozi imebaki kidogo, na nikipenya je? Sikuwa na jibu. Mimi, Filbert, sikuwa na jibu. Alinitazama nikiwa sina jibu, na nadhani hicho ndicho alichokuwa hajawahi kukiona. Akasogea pembeni. “Ile mashine kubwa isiingie uani kwangu,” akasema.

Lilitolewa gari juani. Nililiosha, nikalifuta kwa spiriti mafuta yote yakatoka, nikainama kwa ubavu kama wewe unavyoinama. Nikaviona. Vyote. Moshi wote ule niliouwasha mwenyewe, umejikunja boneti nzima, na kila mkunjo unaonyesha mkono wangu ulipopita kwa kiburi. Nimefanya kazi hii nusu ya maisha, na nakwambia sijawahi kuona kazi yangu ilivyo kama nilivyoiona leo.

Nikafanya kila ulichotaka kufanya Jumamosi. Sponji laini. Dawa laini, tone dogo. Mwendo wa chini. Kipande kisichozidi urefu wa mkono, kisha kuzima, kufuta, kutazama. Nikimaliza kipande nagusa bati kwa mgongo wa kidole, likipata joto nasimama. Mzee aliweka kiti chake kivulini akakaa. Mawingu yalikuwa yanapita, na kila jua lilipojificha ilibidi nisubiri, nimesimama na mashine mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa, na yeye ananitazama. Lile jua nililokwambia halinifundishi kazi lilinisimamisha uani kwa mtu mpaka lilipotaka lenyewe. Jasho lilinitoka katika hali ya hewa ambayo watu walikuwa na majaketi.

Katikati pakatakata. Pembeni pakatakata. Ikabaki mkunjo wa mbele, ule ukingo unaoshuka kuelekea taa. Pale ndipo Jumamosi niliegemea zaidi, na pale ndipo ngozi huwa nyembamba zaidi. Mashine nikaiweka chini. Nilipiga kwa mkono, sponji na vidole viwili, bila kukandamiza. Kimoja kikaondoka. Kingine kikaondoka. Cha mwisho kikapungua kisha kikagoma. Nikapita tena, kimegoma. Sasa, Filbert unayemjua angefanya moja kati ya mawili: angekandamiza, au angefungua chupa. Chupa ilikuwa ndani ya begi, nilikuja nayo, nisikufiche. Mkono ulishaanza kwenda.

Nikasimama wima nikamwita Mzee. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, “Hapa kuna kivuli kimoja nimekiacha. Nikikifuata nitapenya. Mafuta ninayo ya kukificha, yatatosha siku ya harusi, lakini kitakuwepo.”

Aliinama, akakitafuta. Hakukiona haraka. Ilibidi nimsogeze kichwa kidogo kwa mkono, mzee wa watu, ndipo akakiona. Akanyooka taratibu, mkono kiunoni.

“Usingenionyesha nisingekiona,” akasema.

“Najua, Mzee.”

“Basi kiache. Na mafuta yako rudi nayo.”

Akatoa simu. Aliongea na Altaf Kikachi cha kwao na Kiingereza vimechanganyika, sikupata kitu, nilisikia tu “uncle” na “uncle” tena. Kisha akaninyooshea simu. “Mwambie mwenyewe. Mimi sitamsemea mtu mara ya tatu.”

Kiingereza changu unakijua, kinatosha kuuza na kuomba radhi kwa kuchelewa. Nikasema, “The girl is good. I am the one who did the bad.” Akaniuliza, binti aliona vivuli kabla yako? Nikasema yes. Alikuambia? Nikasema yes. Akauliza, kwa nini hakusema mbele ya Mzee Badru? Adabu ile nitaiwekaje kwa Kiingereza? Nikasema, “Because I am her uncle.” Sijui alielewa nini. Nadhani alielewa, maana na yeye ana mjomba na baba mkubwa na wote wanaongea.

Sasa sikiliza alichosema, ndiyo sababu naandika haya yote badala ya kungoja uzeeke. Hakusema nafasi ni yako. Alisema njoo Jumatatu, atakupa bati jeusi lenye alama za mashine, uziondoe yeye akitazama, kisha ataamua. Kwa hiyo unakwenda kwenye mtihani ambao haukuwa wako, kwa sababu ya mdomo wangu. Kama hutaki, mlango huu uko wazi na sitasema neno. Lakini nimekuona ukiinama Jumamosi. Nenda.

Jumatatu usianze na mashine. Anza na kutazama, hata kama atakuona mzito. Litoe bati nje kama kuna jua, na kama hakuna omba taa ya mkononi. Ukifika mahali panapogoma, simama umwambie pamegoma. Mimi nimechukua nusu ya maisha kujua kwamba mtu unaweza kumwambia mteja hivyo na bado akakupa chai. Chai yenyewe Mzee alinipa, na vitumbua vya harusi. Na mtu yeyote mkubwa akikusingizia juu ya kazi yako, hata awe na mvi, msute. Kwa upole, kwa lugha yoyote uitakayo, lakini msute. Nitamweleza mama yako kwamba ni mimi niliyekuruhusu.

Kuhusu ile “Filbert na Mpwa,” fundi wa vibao nimemwambia asubiri. Sikumwambia aache.

Imebaki kitu kimoja, kidogo, na ningeweza kukiruka.

Jumamosi sikuona vivuli. Sikuwa nakubishia kwa kiburi peke yake. Nilitazama kweli, nikaona weusi mtupu unaong'aa. Nilipaka mafuta kwa sababu niliogopa kwamba wewe unaviona. Jumanne, Mzee aliponiita kwa kidole, niliinama kama daktari na sikuona kitu. Macho yangu hayashiki tena vitu vya karibu, muda mrefu sasa. Sikumwambia mtu, maana fundi asiyeona ni mpiga ngoma asiye na mikono. Jana ulipokuwa kazini nilifungua droo yako nikachukua ile miwani yako ya kusomea ya zamani, ya shule, ya waridi, yenye vipepeo pembeni. Ndiyo niliyovaa leo Unionville mbele ya Mzee Badru na watu wote wa harusi. Inanibana masikio, na ndiyo niliyovaa hapa mezani ninapoandika. Naomba usiipakie.

Mjomba wako,
Filbert